Maumbile au Fiziolojia? Uhakiki wa Istilahi katika Modeli za Uvuvi wa Ziwa Kivu

Kuiita fiziolojia ya samaki "maumbile" kunapotosha sera. Maumbile hueleza umbo. Fiziolojia hueleza utendaji wa mwili: namna samaki anavyopumua, anavyokua na anavyozaa. Ziwa Kivu, linalopakana na Rusizi, lina kina cha takribani meta 485, lakini oksijeni haivuki takribani meta 70 za juu. Sambaza, walioletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, huishi katika tabaka hilo tu. Modeli inayopima umbo na idadi pekee haitambui tabaka hilo linapopungua. Mshauri asomaye "maumbile" ataagiza ukubwa wa matundu ya nyavu, asiulize habari za pumzi. Nyaraka za uvuvi zitumie "fiziolojia", na ifafanuliwe.