Majina ya Hekaya za Kiyunani Katika Sayansi

Wanafunzi wa utabibu na wa kemia hukutana mapema na majina yaliyotolewa katika hekaya za Wayunani na Warumi, nao aghalabu huyakariri kama sauti tupu. Wako na wasomi wasemao kwamba majina hayo ni mapambo tu, yaliyowekwa na watu waliofundishwa Kilatini utotoni wakataka elimu yao ionekane. Sikubaliani nao. Mtu atwaapo jina la hekaya akalipa kitu, amekwisha kuisoma hekaya ile na kutoa hukumu juu ya maana yake. Hukumu hiyo ni uhakiki, ujapokuwa wa neno moja, na uhakiki waweza kuwa mwema au mbaya.

Tuitazame morfini. Friedrich Sertürner, mfamasia kijana wa Ujerumani, aliitenga dawa hii katika afyuni mwanzoni mwa karne ya 19. Hapo kwanza aliieleza kwa Kilatini kuwa ni asili iletayo usingizi. Kisha, katika maandiko yake ya mwaka wa 1817, akaipa jina la Morpheus. Wengi hudhani Morpheus ni mungu wa usingizi. Sivyo. Katika Metamorphoses ya Ovid, kitabu cha 11, mungu wa usingizi ni Somnus, na Morpheus ni mmoja wa wanawe elfu. Kazi yake ni kuvaa umbo la binadamu katika ndoto: sura, mwendo, sauti na mavazi, na jina lake lenyewe latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya umbo. Na tazama atumwavyo. Mfalme Ceyx amekufa maji, na mkewe Alcyone hana habari, angali akimwombea arudi salama. Morpheus aja kitandani pake kwa sura ya maiti, uchi, ndevu zimelowa, nywele zachuruzika maji, amwambie kwamba mumewe hayupo tena. Alcyone aamka akilia na kujipiga kifua.

Basi dawa ya kutuliza maumivu imepewa jina la mjumbe ambaye, katika kisa kinachomtambulisha, alileta uchungu na kukatiza usingizi. Mtetezi atasema kwamba afyuni huleta ndoto, na ndoto ni milki ya Morpheus. Hoja hiyo ina uzito kidogo. Lakini Sertürner alitafuta usingizi, akamkosa baba akamshika mwana. Jina limedumu kwa sababu ya nguvu ya dawa, wala si kwa sababu hekaya ilisomwa vema.

Tantali ni habari nyingine kabisa. Mwaka wa 1802 Anders Ekeberg wa Uswidi aligundua metali mpya katika mawe ya nchi yake na ya Ufini. Oksidi yake ilimshangaza: hata izamishwe katika tindikali, hainywi kitu. Ekeberg akamkumbuka Tantalus, ambaye Homer, katika kitabu cha 11 cha Odyssey, amemweleza amesimama kuzimu katika maji yafikayo kidevuni. Akiinama anywe, maji hutoweka. Akinyoosha mkono achume matunda, upepo huyarusha matawi juu. Hapa hapana pambo. Tabia ya kitu na adhabu ya mtu ni jambo moja: kuzungukwa na kinywaji na kutokunywa. Ajuaye kisa hiki amekwisha kufahamu kwa nini metali hii isiyoliwa upesi na tindikali imewafaa madaktari wapasuaji kuiweka ndani ya mwili wa mgonjwa.

Mwaka wa 1844 Heinrich Rose wa Berlin aliona metali nyingine imejificha pamoja na tantali, nazo zimefanana hata wengine walizidhania kitu kimoja. Akaiita niobi, kwa jina la Niobe binti Tantalus. Hapa sifa yangu yapungua. Niobe ni mama aliyejivunia wanawe, wakauawa na Apollo na Artemis, naye akageuka jiwe litoalo machozi; hapana la hayo katika metali ile. Rose alichukua nasaba akaacha kisa, ingawa nasaba yenyewe ilikuwa ya kweli. Akadhani ameona na ya tatu, akaiita pelopi, kwa jina la Pelops, nduguye Niobe, kumbe haikuwapo. Nasaba ikipendeza mno, humzalia mtaalamu hata mtoto asiyekuwapo.

Istilahi zetu zimezipokea morfini na tantali kwa namna moja, sauti kwa sauti, kana kwamba majina hayo yana thamani sawa. Katika morfini hatukupoteza kitu. Katika tantali tumepoteza kisa kizima, na hali jina hili limekwisha kuingia vinywani mwa wasemao Kiswahili: mchimbaji wa Kivu atajapo koltani, silabi ya pili ni ya Tantalus. Kamusi iandikapo tantali, na iongeze mstari mmoja juu ya yale maji yaukimbiayo mdomo. Kwa morfini, maelezo ya dawa yatatosha.