Kubwaga Moyo kwa Lugha ya Nani? Wingi-Lugha na Liwazo katika Nyimbo za Wapagazi, Kutoka Bagamoyo hadi Bukene

Katika uhakiki wa fasihi simulizi ya Kiswahili, wimbo wa wapagazi kuhusu Bagamoyo umefanywa kama mali ya pwani. Hutajwa panapoelezwa asili ya jina la mji huo, kisha huachwa. Mjadala wake umekwama kwenye swali moja: je, "kubwaga moyo" ni kukata tamaa kwa mtumwa anayeliacha bara lake, au ni pumziko la mpagazi anayetua mzigo baada ya miezi ya mwendo? Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu kazi ya upagazi, alituonyesha mpagazi wa karne ya 19 kama mfanyakazi wa ujira mwenye desturi na heshima ya kazi yake. Makala hii inaegemea usomaji huo wa pili. Hata hivyo, pande zote mbili zimepita kando ya swali ambalo mhakiki wa lugha alipaswa kuanza nalo: moyo ulibwagwa kwa lugha ya nani?

Wapagazi wengi wa njia ya kati walikuwa Wanyamwezi. Kiswahili kwao hakikuwa lugha ya mama. Kilikuwa lugha ya msafara, ya soko na ya mwajiri. Wimbo unaposifu mji wa minazi na starehe zake, mwimbaji anajiliwaza kwa mahali pasipo kwao, na kwa maneno ya wenyeji wa mahali hapo. Jambo hili si dogo. Liwazo lake limeazimwa, na bado ni liwazo la kweli. Mhakiki anayedai kwamba faraja halisi hupatikana katika lugha ya mama pekee hana budi kueleza kwa nini watu hawa walilifurahia jina la mji wa ugenini kwa kiasi cha kulifanya kiitikio. Hapa yafaa kukumbuka kwamba istilahi yetu wenyewe, "kibwagizo", ina mzizi uleule wa kubwaga. Tunaifundisha kama istilahi ya umbo tu, ilhali imebeba ndani yake picha ya mtu anayeshusha kitu kizito.

Lakini njia ilikuwa na pande mbili. Mpagazi aliyeshuka pwani alirudi Unyanyembe, na wengine walipita Tabora wakaelekea kaskazini, kwenye nchi ambayo leo ni wilaya ya Nzega, ambako ndiko Bukene iliko. Nyimbo za kurudi ziko wapi katika diwani zetu? Kilichohifadhiwa zaidi ni kile ambacho masikio ya wageni yaliweza kukidaka. Richard Burton, aliyefika Kazeh, yaani Tabora, mwaka 1857, anasimulia kwamba wapagazi wake walimtaja kwa ubaya katika nyimbo zao, naye akalichukulia jambo hilo kwa kejeli yake ya kawaida. Aliyasikia hayo kwa sababu aliyaelewa. Yaliyoimbwa kwa lugha asiyoijua yalimpita kama upepo, na pengine ndivyo waimbaji walivyotaka. Kwa mtu mwenye lugha mbili, kuchagua lugha ya ubeti ni kuchagua pia nani asikie.

Msamiati wa msafara uliosalia katika Kiswahili unathibitisha upogo huo. "Mnyapara" limetokana na neno la Kinyamwezi la mzee mwenye heshima. Kwetu limekuwa msimamizi wa vibarua, na hatimaye kiongozi wa wafungwa gerezani. "Hongo" ilikuwa ada aliyotozwa msafiri kwa kupita katika nchi ya mtemi. Leo ni rushwa. Maneno ya amri na malipo yalivuka mpaka wa lugha kwa urahisi. Maneno ya kuliwazana yalibaki upande wa pili.

Kuna pia suala la sauti, ambalo wanaisimu na wahakiki wangepaswa kulishika pamoja. Sarufi ya Maganga na Schadeberg (1992) inaonyesha kwamba Kinyamwezi kina irabu saba na ni lugha ya toni. Kiswahili kina irabu tano na hakitofautishi maana kwa toni. Kwa hiyo ubeti wa Kiswahili unaweza kuingizwa katika lahani yoyote bila kupoteza maana, wakati ubeti wa Kinyamwezi unashauriana na lahani yake hatua kwa hatua. Tukilikubali hili, uchanganyaji msimbo katika wimbo si dalili ya lugha moja kuimeza nyingine, kama inavyodaiwa mara kwa mara. Ni mgawanyo wa kazi: lugha moja inabeba lahani, nyingine inampa fanani uhuru wa kubuni papo hapo.

Bukene inafaa kuwa mahali pa kulitazamia suala la utambulisho. Kwa asili, "sukuma" ni kaskazini na "dakama" ni kusini. Mtu wa Bukene, akitazamwa kutoka Sikonge, yuko sukuma; akitazamwa kutoka Shinyanga, yuko dakama. Hata jina "Wanyamwezi" lilienezwa na watu wa pwani. Reli ya Tabora hadi Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928 na inayopita Bukene, iliwapa watu hao njia nyingine ya kwenda na kurudi, lakini haikuyafanya majina hayo yatulie. Mhakiki anayeupa wimbo kabila moja kabla ya kuuliza uliimbwa wapi, na mwimbaji alikuwa ameelekea upande gani, ameanza vibaya.

Mkusanyo mkubwa zaidi tulio nao wa nyimbo za kazi za eneo hili la magharibi ni wa Frank Gunderson (2010), wenye nyimbo zaidi ya 300 za Kisukuma na tafsiri za Kiingereza. Ni kazi ya kuheshimiwa, nami nimeitumia kwa faida. Lakini tazama safari anayolazimika kuifanya mwanafunzi wa Kiswahili asiyejua Kisukuma: ili ausikie wimbo wa jirani yake wa Nzega au Kahama, lazima apitie Kiingereza. Lugha mbili za Kibantu zilizobeba mizigo pamoja kwa zaidi ya karne moja zinahitaji mkalimani wa tatu. Tafsiri ya moja kwa moja, hata ya nyimbo 20 tu, yenye maelezo ya toni na lahani, ingetufaa kuliko makala nyingine kuhusu asili ya jina Bagamoyo.