Tabibu wa Nafsi na Vita vya Uhuru

Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ya Kenya ilitoa taarifa ya Dakta J. C. Carothers, aliyewahi kuongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi. Aliombwa aeleze Mau Mau. Badala ya kuipa ardhi uzito wake, alichungua zaidi akili ya Mkikuyu, akamwona ametatizwa baina ya mila za kale na mambo ya kigeni. Hivyo dai la haki likageuzwa maradhi. Na mgonjwa hajibiwi hoja, hupewa dawa.

Jawabu limo katika Viumbe Waliolaaniwa, kitabu cha Frantz Fanon cha 1961, kilichotolewa kwa Kiswahili mwaka 1977. Fanon alikuwa tabibu wa akili katika hospitali ya Blida, Algeria, tangu 1953 hata 1956, kisha akawaandama wapigania uhuru. Sigmund Freud alikuwa ametafuta chanzo cha maradhi ya nafsi katika utoto na nyumba ya wazazi. Fanon alitaka itazamwe pia dola inayoitawala nyumba hiyo.

Huko Blida, matibabu ya Kizungu hayakuwafaa wanaume Waislamu mpaka walipowekewa mkahawa wao, msimuliaji hadithi na sikukuu zao. Sisi wa Mafia, tunaowaita jamaa wote anapougua mmoja, hatulistaajabii hilo.

Lakini, ndugu msomaji, kitabu hiki kina kasoro kubwa. Mwanzoni chasema kuwa kutumia nguvu humsafisha mtawaliwa na unyonge wake. Mwishoni, katika habari za wagonjwa, twamwona askari wa Kifaransa aliyezoea kutesa wafungwa, naye sasa apiga mkewe na wanawe. Twawaona na wapigania uhuru wasiopata usingizi kwa damu waliyomwaga. Tabibu amemkanusha mwanasiasa ndani ya jalada moja.

Nasi twamwamini tabibu. Visiwa hivi vina jamaa Unguja, na baada ya Januari 1964 zipo nyumba ambazo jina la marehemu hutajwa kwa kunong'ona. Kudai haki ni wajibu. Ila anayefundisha kwamba damu husafisha na aulizwe nani atakesha na mwenye kuimwaga, na nani atawalea watoto wa pande zote mbili. Kisomeni kitabu hiki, mkianzie mwisho.