Klavie Yetu na Majina Yake: Nani Alibatiza Tushi Hizi?

Kuna maandishi tunayagusa kila siku na hatuyasomi: yale yaliyochapwa juu ya tushi za klavie. Échap, Maj, Ctrl, Suppr, Entrée. Tunahakiki vitabu, tunahakiki hotuba za wakubwa, lakini huu ubao hakuna anayeuuliza swali. Mimi nauchukua kama maandishi mengine yote. Uko na waandishi, uko na historia, na uko na kasoro ambazo mkono wetu ndio unazilipa.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1868, kule Milwaukee, Marekani, Christopher Latham Sholes na wenzake walipata hati ya uvumbuzi wa mashine ya kuandika. Mwaka 1874 kampuni ya Remington, iliyojulikana kwa kutengeneza bunduki, ikaanza kuiuza. Ile ya kwanza iliandika herufi kubwa tu. Ilipofika 1878, Remington No. 2 ikaleta tushi ya kuhamisha: ukiifinya, sehemu ya mashine inasogea kabisa, chuma kinahama, na herufi kubwa inagonga karatasi. Ndiyo maana kwa Kiingereza imebaki kuitwa Shift, yaani hamisha. Lilikuwa jina la kazi ya kweli. Na ile ya kurudi mstari? Fundi alikuwa anasukuma gari la karatasi mpaka mwanzo, karatasi inapanda, mstari mpya unaanza. Angalieni kile kimshale kilichopindwa kwenye Entrée: kinashuka, halafu kinaenda kushoto. Ni picha ya safari ile ile, ingawa gari lenyewe lilishakufa zamani.

Kwa hiyo majina ya kwanza yalitoka karakana. Aliyeyatoa aliangalia chuma kinafanya nini, akasema hivyo. Hiyo ndiyo sifa ninayoipa mashine ya zamani: jina na kazi vilikuwa vinajuana.

Urafiki huo ulivunjika kompyuta ilipoingia. Chukueni Échap. Bob Bemer, mhandisi wa IBM, mnamo 1960 ndiye aliyeileta alama hiyo, juu kila kampuni ilikuwa na msimbo wake wa herufi. Alitaka alama moja ya kuambia mashine: toka katika msimbo huu, kinachofuata kisome kwa namna nyingine. Haikuwa kukimbia programu iliyogoma. Mtu akitutafsiria leo kwa neno «toroka», atakuwa ametafsiri kamusi tu, si kazi. Ctrl nayo ilikuwa ya kuamrisha mashine za simu za maandishi. Ctrl na G pamoja ililiza kengele upande wa pili. Na ule mchanganyiko wa Ctrl, Alt na Suppr ni wa David Bradley, mmoja wa wahandisi wa kompyuta ndogo ya IBM iliyotoka 1981. Unaona sasa: mtu wa kwanza alitoa jina kwa sababu, wa pili akalirithi, wa tatu akalikata kuwa herufi nne, na sisi tukaletewa kile kipande kilichobaki. Mwanafunzi wa kwetu anashika «Suppr» kwa kichwa sawa dawa ya mdomo, bila kujua kwamba ni supprimer, kufuta tu.

Sasa tuje kwenye jambo linalotuuma sisi wa bonde la Ruzizi zaidi. Mpangilio wetu ni AZERTY, tuliourithi pamoja na Kifaransa cha ofisi ya Mbelgiji. Mimi ni mtu wa kilimo, kwa hiyo nitasema kikulima: mbegu iliyotoka mbali unaijaribu kwanza kwenye udongo wako kabla ya kuigawia watu. Tuijaribu basi. Andikeni: wakulima wa Katogota wanapanda mahindi. Sentensi hii iko na herufi 34. A inatokea mara 10, W mara 3, Q hata mara moja. Lakini kwenye AZERTY, kidole kidogo cha kushoto kinalala juu ya Q, herufi ambayo Kiswahili sanifu hakiitumii. A imewekwa juu yake, W imewekwa chini yake. Kila ukiandika «wa», kidole kile kile dhaifu kinashuka, kinapanda, kinaruka Q isiyo na kazi. Na lugha yetu bila «wa» haitaji watu! Kidole kimoja kinabeba herufi 13 kati ya 34. Kwenye QWERTY ya Dar es Salaam na Nairobi, A iko pale pale kidole kinapolala, na W inachukuliwa na kidole cha pembeni.

Halafu tarakimu. Safu ya juu ya AZERTY imepewa é, è, ç na à, herufi ambazo Kiswahili hakina haja nazo. Ukitaka kuandika kilo 2 450 za mpunga lazima ushikilie Maj, na hata nukta ya kumaliza sentensi inadai Maj. Wenye mashine kubwa wako na tushi za hesabu upande wa kulia. Wenye laptop ndogo wavumilie. Ripoti ya mavuno ni tarakimu mwanzo mpaka mwisho, kwa hiyo hesabuni wenyewe.

Tuwe wa haki lakini. AZERTY imeweka M kwenye mstari wa katikati, na Kiswahili kinaipenda M. Inatoa pia kituo cha juu cha «ng'ombe» bila kufinya Maj. Na Wafaransa wenyewe hawajaridhika nayo: mwaka 2019 shirika lao la viwango, AFNOR, lilitoa kanuni mpya ya klavie, juu ya zamani ilikuwa inawasumbua kuandika hata É kubwa. Ikiwa mwenye nyumba anarekebisha nyumba yake, mpangaji anaogopa nini kusema mvua inavuja?

Wenzetu wa mashariki wamejaribu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kazi ya heshima. Kenya nayo imeleta tarakilishi na baobonye. Kuna wanaosema kicharazio, na Tanzania wengi wanasema kibodi. Ninalipenda kicharazio, kwa sababu kucharaza ni kitendo unachokisikia kwenye vidole. Baobonye naliona zito, jina la mtihani. Lakini udhaifu wa kazi yote hii uko fasi moja: walitafsiri kioo, hawakutafsiri plastiki. Jicho linasoma Kiswahili, kidole bado kinatafuta Enter. Na kwetu huku, kidole kinatafuta Entrée.

Mutauliza: hii yote inatusaidia nini? Katiba yetu ya 2006 inaitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa. Tangu 2022 Kongo iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na upande ule QWERTY ndiyo ya kawaida. Kijana wa Uvira anayeenda kupimwa kazi akakutana na klavie hiyo, ataandika «zqkuli;q» mbele ya wakubwa, si kwa kukosa akili. Na katika koperative zetu kuna mama anayesoma Kiswahili vizuri, anajua hesabu ya kila gunia, lakini daftari linahamia kwenye mashine na yeye anahamia pembeni, juu kila tushi inadai kwanza Kifaransa kilichokatwa vipande.

Hatuna kiwanda cha klavie, na sisubiri kimoja. Ila tunaofundisha wadogo zetu mashine tuko na mdomo. Tuite tushi kwa kazi yake: Maj iwe «herufi kubwa», Entrée «shuka mstari», Suppr «futa mbele», ile ya mshale wa nyuma «futa nyuma», Échap «acha hii». Kipande cha karatasi na gundi vinatosha kuyabandika. Na kila mwanafunzi ajifunze mipangilio yote miwili, juu kubadilisha mpangilio ndani ya mashine hakudai hata franga moja.

Majina haya ni ya kujaribu, sawa mbegu. Aliye na jina linaloota vizuri zaidi kwenye udongo wetu, alilete hapa tulipande.