Korangle ikikosekana, nani atabeba sauti ya chini?

Kuna mabishano yanarudi kila mara kati ya wapenda muziki. Wengine wanasema kipande kikipangwa upya kwa vyombo vingine kimeharibika. Wengine wanajibu: noti ni zile zile, basi shida iko wapi? Mimi naona pande zote mbili zinajibu haraka sana. Tukamate mufano mumoja, tuupime: Trio ya Beethoven, opus 87, ya oboe mbili na korangle moja.

Kwanza korangle yenyewe. Kwa Kifaransa jina lake ni "pembe ya Kiingereza", kumbe si pembe, wala si ya Waingereza. Ni kaka mukubwa wa oboe: bomba la muti, refu zaidi, mwisho wake umevimba sawa avoka. Sauti yake inashuka kwinti moja chini ya oboe. Zote mbili zinapulizwa kupitia ndimi mbili za tete zilizofungwa pamoja. Hilo tete, wenzangu wa agronomia mnalijua: ni Arundo donax, na lile la Var, kusini ya Ufaransa, linasifiwa sana na wapulizaji.

Beethoven aliandika trio hii Vienna karibu mwaka 1795, hajafika hata miaka 30. Angalia shida aliyojipa. Hakuna basoni, hakuna cello. Korangle peke yake inabeba sauti ya chini, na noti yake ya mwisho ni mi iliyo chini ya do ya katikati ya piano. Chini ya hapo hakuna kitu. Ndiyo maana sauti tatu zinakaa karibu-karibu, sawa watoto wa tumbo moja: ukifunga macho, mara nyingine haujui nani amesema. Korangle inashika musingi, kisha inapanda kuimba pamoja na wengine. Uzuri wa kazi hii uko mu ule ufinyu.

Sasa, kupanga upya si zambi. Mu 1806 Artaria, mwenye kuichapa, aliiuza pia kwa violoni mbili na alto. Ndugu watatu wa nyuzi nao wanafanana sauti, basi undugu unabaki. Kinachopotea ni pumzi: mupulizaji lazima apumue, na melodi inakatika fasi mutu anapokatika. Upinde hauna mapafu.

Leo vikundi vingi vinaicheza kwa oboe, klarineti na basoni. Hapa mimi niko mukali. Basoni ikipewa sehemu ya korangle kwa urefu ule ule ulioandikwa, inaimba juu, kwa sauti yake ya tenori, na mazungumuzo yanabaki karibu. Lakini kuna wapangaji wanaishusha oktava moja, juu basoni "ni chombo cha chini". Matokeo? Shimo kubwa linafunguka katikati, wawili wanaongea juu ya gorofa, mumoja yuko uwanjani. Noti ni zile zile kwa jina, lakini nyumba imebadilika. Huo mupangilio siupendi.

Kwa nini jambo hili linatuhusu sisi? Juu korangle ni chombo cha bei kali, na mu fanfari nyingi za kwetu tunaona zaidi klarineti na saksofoni. Je, tungoje? Hapana. Klarineti mbili na saksofoni alto zinaweza: alto inashuka mupaka chini ya ile mi, basi noti zote ziko. Hatari yake ni nguvu. Alto ikipulizwa kama vile mu maandamano, itameza klarineti zote mbili. Inapaswa kupulizwa kwa upole, kama mutu anayeongea kando ya kitanda cha mutoto aliyelala.

Basi, mukisikia mupangilio mupya, musiulize tu kama chombo cha kwanza kipo. Muulize kilikuwa na kazi gani, na nani amepewa ile kazi sasa. Korangle ya Beethoven ilipewa kazi mbili: kubeba wengine na kukaa karibu nao. Anayebeba bila kukaa karibu amefanya nusu tu ya kazi, hata kama hakukosa noti hata moja.