Mkaguzi Aliyehamia Msituni

Mwaka 1928 alifika Amani, Usambara Mashariki, Mwingereza aliyekuwa akikagua hesabu za jeshi mjini Cairo. Reginald Moreau hakusomea ndege chuo chochote; alijifunza mwenyewe. Kituo alichoajiriwa, kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, kilikuwa cha utafiti wa kilimo. Hata hivyo, alipoondoka mwaka 1946, wanasayansi wa ndege walikuwa wakimtegemea, wakamkabidhi kuhariri jarida lao la Ibis hadi 1960.

Sisi tunaokagua takwimu tuna haki ya kumdai kuwa mwenzetu. Mkaguzi wa hesabu hatosheki na jumla, anataka stakabadhi. Mwaka 1944 Moreau alichapisha utafiti uliolinganisha idadi ya mayai ya ndege wa Afrika na wa Ulaya, na kazi ya namna hiyo huharibika pale mtu mmoja anapokisia kiota ambacho hakukichungulia. Tena macho hayakuwa yake peke yake. Alitegemea wenyeji, Salimu Asmani miongoni mwao, waliolijua pori kuliko yeye.

Kituo cha kilimo kilipohamia Muguga, Kenya, Amani ikageuka kituo cha malaria, na baadaye ikawa chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Katika utafiti wa malaria slaidi moja ya damu husomwa na watu wawili. Kila mmoja huhesabu vimelea huku akihesabu chembe nyeupe 200, bila kuona jibu la mwenzake. Wakitofautiana sana, huitwa wa tatu. Naupenda utaratibu huu kwa sababu haumtuhumu mtu. Unakubali tu kwamba macho huchoka.

Mashirika na ofisi nyingi hazina msomaji wa pili. Chukua rejesta ya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, kwenye zahanati. Safu ya vipimo vya malaria iko wazi siku nzima: hakuja mgonjwa, vitepe vya kupimia viliisha, au muuguzi, aliye peke yake zamu hiyo, alikuwa akizalisha? Ingeandikwa sifuri tungejua jambo moja. Pengo halisemi kitu, na mwisho wa mwezi mtu hulijaza sifuri ili ripoti ipite. Geuza ukurasa: watu wazima wote wana miaka 30, 35, 40, 45, dalili kwamba umri ulikisiwa. Hapo mkaguzi mzoefu hutabasamu na kuvuta kiti.

Kumtambua muuguzi aliyezidiwa ni rahisi. Jasho hututoka kwenye mikutano ya wakubwa, maana fedha za kununua programu mpya hupatikana upesi kuliko za kumlipa mtu wa kusoma rejesta. Programu itamkataa mtoto wa kilo 90. Haitamkataa mtoto wa kilo 9 ambaye hakupandishwa kwenye mizani.

Kwa hiyo mtetezi wa takwimu safi, kama ni fundi kweli, huhangaikia zaidi safari ya kurudi. Hurudisha jedwali la mwezi kwa yule aliyejaza safu, akamwonyesha dawa zilizoagizwa kwa kufuata namba zake, na zilizopungua kwa sababu ya mapengo yake. Muuguzi akiona hivyo huanza kubishana: hapa mmekosea kujumlisha, hawa walikuwa 14. Akibishana, mkaguzi huandika marekebisho, wote wawili wakatia saini, kisha akapanda bodaboda kuelekea zahanati nyingine.