"Mchezo wa Kuigiza" au "Mchezo wa Uhusika"?

Mwaka 1974 ulitolewa nchini Marekani mchezo wa Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson, kwa nakala 1,000 za awali. Wachezaji huketi mezani, kila mmoja na mhusika wake. Msimulizi hueleza mkasa, na dadu huamua matokeo. Kuutangaza mchezo wa namna hii madukani kwa jina la "mchezo wa kuigiza" ni kupotosha: muuza vitabu atauweka pamoja na tamthilia, na mnunuzi atatazamia jukwaa na watazamaji, ambao hapa hawamo. Twapendekeza "mchezo wa uhusika", kwa kuwa neno "mhusika" limekwisha kuzoeleka katika ufundishaji wa fasihi. Istilahi ikipotoka, bidhaa humkosa mteja wake.